Kuchagua laptopu ya gemu: usinunue stika, nunua wati

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja aliniletea laptopu aliyoinunua milioni 1.8. Stika ya RTX 3060, yaani jina la kadi ya picha, inang'aa, kibodi inawaka rangi zote, lakini gemu ya mpira FC 25 inakwama kila ikipigwa kona. Alijua kauziwa kadi feki. Haikuwa feki. Ilikuwa 3060 halisi, ila mtengenezaji kaibana ile wati 60 tu, ram iko moja peke yake, na bodi ni nyembamba, haina pa kupumulia. Kila alichoambiwa dukani kilikuwa kweli, na bado alipigwa.

Natengeneza laptopu Kariakoo, na nyingi za gemu zinazopita mezani kwangu ni mtumba wa Dubai na Ulaya. Huu ndio utaratibu ninaoufuata mtu akiniomba nimsindikize kununua.

Hatua ya 1: Andika gemu zako kabla ya bei

Gemu tatu unazocheza kweli, si zile unazoziangalia YouTube. Kama ni eFootball, Valorant na GTA V, huhitaji kadi kubwa. Laptopu yenye prosesa ya Ryzen 7 6800H, ambayo grafiki yake ya ndani ni Radeon 680M, inazibeba ukishusha ubora wa picha kidogo, mradi iwe na ram mbili. Kwa FC 25 ningeanzia kadi ya GTX 1650. Cyberpunk 2077 na ndugu zake ndizo zinazotaka RTX yenye kumbukumbu ya GB 6 kwenda juu.

Andika pia utachezea wapi. Chumba cha chuo kisicho na kiyoyozi si sawa na sebule yenye AC, na jibu hilo litakurudia kwenye hatua ya 3.

Hatua ya 2: Kata pesa ya pembeni mapema

Ukiwa na milioni 1.8, jihesabie una milioni 1.6. Hiyo iliyobaki ni ya ram ya pili, kipanya, kinga ya umeme na pengine SSD (diski ya kasi) kubwa zaidi. Mtu anayemaliza zote dukani hurudi nyumbani na mashine nusu.

Kuna atakayekwambia kwa pesa hiyo kompyuta ya mezani ingekupa nguvu zaidi. Ni kweli kabisa. Ila umeme ukikatika katikati ya mechi, laptopu inabaki hai na unaweza kusevu. Lakini usitegemee kucheza muda mrefu kwa betri: kadi hujipunguza nguvu, na saa moja ni bahati.

Hatua ya 3: Ulizia wati, halafu joto

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Laptopu mbili zinaweza kuwa na kadi ya jina moja na zisifanane hata chembe. NVIDIA, wenye kadi hizi za RTX, humwachia mtengenezaji wa laptopu aamue kadi ipewe umeme kiasi gani. RTX 3060 ya laptopu huanzia wati 60 hadi 115. RTX 4050 na 4060 huanzia 35 hadi 115. Ni kama bodaboda mbili za injini moja, halafu moja imefungwa spidi gavana. Ndiyo maana 3060 iliyopewa umeme wake wote huweza kwenda sambamba na 3070 iliyobanwa kwenye wati 80, huku wewe ukitozwa zaidi kwa ajili ya jina.

Kuangalia ni dakika moja. Chomeka chaja kwanza. Fungua cmd (Command Prompt ya Windows), andika nvidia-smi, bonyeza Enter. Kwenye jedwali linalotokea tafuta namba mbili zilizotenganishwa na mkwaju, mfano 14W / 80W. Ya kwanza ni umeme inaokula sasa hivi, ya pili ndiyo kikomo chake. Laptopu nyingine huandika N/A mahali hapo. Basi ingia NVIDIA Control Panel, kisha System Information, usome mstari wa Maximum Graphics Power. Muuzaji akikasirika unapofanya hivi, shukuru na uondoke.

Kumbukumbu ya kadi nayo usiipuuze. RTX 3050 nyingi zina GB 4, 3060 na 4050 zina GB 6, 4060 ina GB 8. Ajabu ni kwamba 4070 ya laptopu nayo ina GB 8 zilezile. Winga (dalali wa dukani) akikwambia 3060 yake ina GB 12, anakusomea sifa za kadi ya kompyuta ya mezani.

Sasa joto. Wale wanaopima laptopu YouTube wengi wako kwenye chumba cha nyuzi 20 na kitu. Chumba chako cha Dar mwezi Februari kina 32, na feni ya panga haishushi joto la hewa, inaizungusha tu. Kwa ukanda wa pwani huwa nachagua bodi nene yenye matundu nyuma na ubavuni, hata kama inafika kilo 2.4. Nyembamba zinapendeza mkononi, ila ndizo ninazozifungua sana. Na ukiwa Tanga, Mombasa au Unguja, chungulia ndani ya matundu ya HDMI na USB kwa tochi ya simu. Ukiona ukijani wa kutu, chumvi imeshaingia.

Hatua ya 4: Vingine, harakaharaka

Prosesa: soma herufi ya mwisho. H, HS na HX ni za kazi nzito, U ni ya kutunza betri. Core i5-12500H inaiacha mbali i7-1255U, ingawa wengi dukani wataikimbilia iliyoandikwa i7.

Ram: GB 16, tena ziwe mbili za 8 na si moja ya 16. Fungua Task Manager, Performance, Memory, uangalie pameandikwa Slots used ngapi. Ikiwa 1 of 2, ni habari njema, unaongeza ya pili. Uliza pia kama ram imechomelewa kwenye mazabodi, maana hiyo haibadilishwi.

Diski: NVMe (aina ya SSD yenye kasi zaidi) ya GB 512 angalau. FC 25 peke yake inataka GB 100.

Kioo: 1080p ya Hz 120 au 144 inatosha kabisa. Kioo cha 4K kwenye kadi ya kawaida ni mzigo tu.

Windows: huduma ya Windows 10 ilifungwa 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kizazi cha 8 au Ryzen 3000 kwenda juu. Valorant kwenye Windows 11 inagoma kabisa bila TPM 2.0 na Secure Boot, vitu vya usalama vilivyo ndani ya mashine yenyewe.

Hatua ya 5: Dukani, kaa chini

Nenda na flashi yenye HWiNFO (inaonyesha joto na wati), FurMark (inaikamua kadi) na CrystalDiskInfo (inaonyesha afya ya diski). Zote zina toleo la kufungua moja kwa moja bila kusakinisha. Usinunue umesimama. Omba kiti, chomeka chaja, washa FurMark, mwache muuzaji ahudumie wengine kwa dakika 15. HWiNFO iwe wazi pembeni.

Ninachoangalia ni mwenendo, si namba moja tu. Kadi ikipanda hadi nyuzi 80 na kitu ikatulia hapo huku wati zake zikibaki juu, nzuri. Ikigota 87 na wati zikaanza kushuka, ama imejaa vumbi ama pesti yake ya kupitisha joto imekauka. Hilo linatibika, kwa hiyo litumie kupunguza bei. Laptopu kuzimika ghafla, mistari au vidoa kwenye kioo, hapo hakuna cha kupunguza, rudisha mezani. Sikiliza na feni: mvumo ni kawaida, mkwaruzo ni feni ya kubadilisha.

Kisha betri. Kwenye cmd andika powercfg /batteryreport, fungua faili inayotengenezwa, linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity. Iliyoshuka chini ya nusu, hesabu bei ya betri mpya ndani ya bei ya mashine.

Iwashe upya uingie BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla ya Windows. Ikidai nenosiri asilolijua hata muuzaji, huenda ilikuwa ya kampuni fulani na haikuachiwa vizuri. Usiiguse. Angalia pia kibodi, za Ujerumani Z na Y zimebadilishana nafasi na za Ufaransa zinaanza na AZERTY. Kuna waliozoea, mimi kwenye WASD, vitufe vya kutembea ndani ya gemu, zinanishinda.

Mwisho kabisa geuza chaja usome mgongoni. Zidisha volti kwa ampea: 19.5V kwa 11.8A ni wati 230. Laptopu ya 3060 yenye chaja ya wati 90 itawaka na kuchaji, halafu itaburuta miguu kwenye gemu huku ukilaumu kadi. Chaja halisi za wati kubwa ni ghali, na ndizo zinazochomolewa mara nyingi mtumba unapopita mikono mingi. Dai risiti ya EFD, serial namba ya mashine iandikwe, na siku za garantii ziandikwe kwa kalamu, si kwa mdomo.

Yule kijana tulimwongezea ram ya pili, tukapiga pesti mpya, tukainyanyua laptopu kwa nyuma ipate hewa. Wati 60 zimebaki 60, hakuna fundi anayeziongeza salama. Kona sasa zinapigwa bila kukwama. Cyberpunk ameifuta, diski imepata nafasi.