Kaske ya VR mbele ya operesheni

Kama unatumika hospitali hapa Goma na uko na kaske ya VR (ile ya kuvaa machoni, unaona kama uko ndani ya video), ao hata ile ya karto yenye unaingizamo telefone, filmeni kwanza kwa digrii 360, ni kusema pande zote, njia yenye mugonjwa atapita: koridoro, bloki (chumba cha operesheni), ile lampe kubwa ya juu, masiki ya oksijeni, mpaka chumba cha kuamukia. Damu hapana, sura za wagonjwa wengine pia hapana.

Kisha mumuonyeshe mugonjwa hiyo video mbele ya operesheni. Kama yuko na kifafa, uliza muganga kwanza. Mukalishe, usimuache amesimama, maana kichwa kinazungukaka, dakika 5 zinatosha, akisikia kichefuchefu, toa kaske. Kisha muache aongee, hapo ndipo mugonjwa anatoa ile swali alificha, "na nikiamuka katikati ya operesheni?", hiyo anajibu anesteziste, ule mwenye kulalisha mugonjwa, siyo kaske. Pangusa kaske na alkoli, lakini siyo kwa lensi, chaji mbele umeme ukatike.