Git-crypt inapogoma kufungua mafaili

Git-crypt ni programu inayofunga kwa siri mafaili yaliyomo kwenye hazina ya Git. Ikigoma kuyafungua, anza na faili lenyewe. Andika `head -c 10 siri/db.env | xxd`. Ukiona neno GITCRYPT katikati ya baiti mbili za sifuri, faili bado limefungwa. Halijaharibika, kwa hiyo tafadhali usilihariri wala kulifuta.

`git-crypt unlock` ikikataa kwa ujumbe "Working directory not clean", kuna mabadiliko hujayahifadhi. Yaweke kando kwa `git stash`, kisha rudia. Ikilalamika kwamba hakuna ufunguo wa siri wa GPG (programu ya usimbaji inayotunza funguo zako), endesha `gpg --list-secret-keys`. Mara nyingi ufunguo umebaki kwenye kompyuta ya zamani. Uhamishe, au mwenzako ambaye tayari amefungua akuongeze kwa `git-crypt add-gpg-user`, asukume (push), nawe uvute (pull). Kisanduku cha nenosiri kisipotokea kwenye teminali, jaribu `export GPG_TTY=$(tty)`.

Kosa baya kuliko yote halitoi ujumbe wowote: faili la siri limeingia Git kabla ya kuandika mstari huu kwenye `.gitattributes`:

`siri/** filter=git-crypt diff=git-crypt`

`git-crypt status` italitaja faili hilo. Lifunge kwa `git-crypt status -f`, kisha fanya komiti. Lakini nakala ya wazi bado imo kwenye historia, na kila aliyewahi kuvuta anayo. Badilisha nenosiri lililokuwemo siku hiyo hiyo, hata kama kufuta historia kunaonekana rahisi zaidi.