Kutoka kuakti mpaka kudairekti ukiwa hapa Kisumu

Vijana wengi wananiuliza waanzie wapi kwa filamu na karibu wote wanafikiria audisheni ya Nairobi. Mimi nasema anza na kazi yoyote kwa seti, hata kama ni kubeba nyaya na kuitia watu chakula. Lupita Nyong'o, ambaye kwao ni huku kwetu, kabla ya Oscar ya 2014 alishafanya kazi nyuma ya kamera kwa filamu iliyoshutiwa Kenya, alafu 2009 akadairekti dokumentari yake mwenyewe kuhusu watu wenye ualbino hapa nchini.

Ukimaliza sehemu yako usikimbilie simu. Simama karibu na dairekta uone vile anaongea na mwigizaji amekwama, dairekta mzuri hamwambii "lia", anampa kitu cha kufanya, kama kukunja leso ya mamake aliyefariki, pole pole, na machozi yanakuja yenyewe.

Alafu tengeneza filamu yako. Dakika tano, watu wawili, mahali pamoja. Simu inatosha kwa picha, shida ni sauti na hapo ndio wengi wanaangukia. Yangu ya kwanza nilishutia ufuo wa Dunga saa tisa mchana, upepo wa ziwa ukameza maneno yote, siku nzima ya watu ambao sikuwa nimewalipa ikapotea, na iliniuma sana.

Siku hizi nashuti kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka saa tatu, ziwa bado limetulia na mwanga ni laini usoni. Simu ya pili inarekodi ndani ya mfuko wa shati la mwigizaji, maiki nimeifunika na kipande cha soksi, na kabla ya kila teki mtu anapiga kofi moja mbele ya kamera ndio wakati wa kuediti ulinganishe huo mlio na picha. Kabla hamjatoka, nyamazeni wote nusu dakika urekodi ukimya wa hapo, utauhitaji kuziba mapengo ya sauti.

Ukienda ufuoni ongea kwanza na viongozi wa BMU, kile kikundi kinasimamia ufuo, wavuvi wako kazini pale. Na leseni ya KFCB, ile bodi ya serikali ya filamu, shughulikia mapema.

Waigizaji waache waongee Dholuo na Kiswahili vikichanganyika kama kwa matatu ya Kondele, maandishi utaweka chini.

Ikiisha, waonyeshe majirani kwa ukuta, projekta ya kuazima, na wewe ukae nyuma uwaangalie wao, si filamu. Penye wanaanza kuongea na kutoa simu, pakate, hata kama ndio shoti unaipenda zaidi.