Kupiga picha masalia ya supanova IC 443 ukiwa Lamu

Wakati Ulaya wako kwenye baridi kali, sisi tuko kwenye kaskazi: joto, upepo na mawingu machache. Huo ndio msimu wa IC 443, nebula (wingu la gesi) iliyo masalia ya nyota iliyolipuka, yaliyo kama miaka ya nuru 5,000 kutoka kwetu, kwenye kundi la Mapacha. Kwa macho huyaoni kabisa.

1. Ngoja usiku usio na mwezi. Katikati ya Februari IC 443 hufika juu kabisa mnamo saa tatu usiku, nyuzi 65 hivi upande wa kaskazini. Ukiwa Shela, kijiji kilicho kusini mwa mji wa Lamu, taa za mji ziko upande huohuo, lakini chini sana; zisikutie wasiwasi.

2. Tandika vipande vya ubao chini ya miguu ya stendi, mchanga usiimeze. Jibanze nyuma ya ukuta au kilima cha mchanga, upepo usitikise lenzi.

3. Panga mhimili wa traka, yaani kifaa kinachozungusha kamera ifuate nyota. Hapa ndipo penye kazi. Miongozo mingi inasema utafute Polaris, nyota ya ncha ya kaskazini, ambayo Lamu haichomozi. Ncha ya kusini ya anga nayo imeinuka nyuzi 2 tu juu ya bahari, ndani ya utusitusi. Kwa hiyo laza mhimili karibu sambamba na ardhi, uelekeze kusini kwa dira, na swichi ya traka ya kuchagua kaskazini au kusini uiweke kwenye kusini. Kisha sahihisha kwa programu ya N.I.N.A., inayoweza kupima kosa la mhimili kwa picha tatu za sehemu yoyote ya anga. Angalia pia uzito wa kusawazisha: mhimili ukilala hivyo, uzito huo hugonga mguu wa stendi. Nguzo fupi ya kuinulia traka humaliza tatizo.

4. Tafuta nyota za Propus na Tejat; nebula iko kati yao, karibu zaidi na Propus, na ni pana kuliko mwezi mpevu. Lenzi ya milimita 200 hadi 400 yatosha. Propus hung'aa mno, mimi huisogeza pembeni mwa picha.

5. Tumia kichujio kinachopitisha mwanga wa haidrojeni na oksijeni, na kamera iliyorekebishwa ipokee wekundu wa haidrojeni. Ya kawaida huuzuia sehemu kubwa. Piga sekunde 180 hadi 300 kila picha, jumla saa nne au zaidi, hata kwa siku kadhaa. Nyota zikianza kuvimba na kuzungukwa na ukungu, lenzi imeshika umande: funga mkanda wa joto.

6. Lundika picha zote ziwe moja kwa programu ya Siril, ni ya bure. Tenganisha nyota kwanza, ndipo uvute mwanga wa nebula polepole.

Kabla ya kulala, futa chumvi ya bahari kwenye stendi na traka kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji yasiyo na chumvi. Kioo cha lenzi kipulizie kwanza. Ukikisugua kikavu, chumvi itakikwaruza.