Kabla ya kupiga Windows upya: ugawe diski au uiache nzima?

Uamuzi wa kugawa diski ufanye kabla hujachomeka flashi ya Windows. Ukishafika kwenye dirisha la kuchagua patisheni (vipande vya diski), hapo ni kubonyeza tu, na ukibonyeza Delete pasipostahili, faili zimekwenda.

Anza na ukubwa. Shika kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Disk Management, usome namba iliyo kando ya Disk 0. SSD iliyouzwa kama GB 256 itaonyesha GB 238 hivi, ya GB 512 itaonyesha 476, na hadidiski ya TB 1 itaonyesha 931. Hujapunjwa: mtengenezaji huhesabu kwa 1,000, Windows kwa 1,024.

Kama ni SSD ya GB 256, iache nzima. Microsoft wanataka angalau GB 64 kwa Windows 11, lakini hicho ni kiwango cha kuingilia mlangoni tu. Weka masasisho, Office, faili la hibernation (la kulaza mashine bila kupoteza kazi) na takataka za kivinjari, na C, yaani patisheni ya Windows, ya GB 80 itajaa huku D, patisheni ya pili, ina GB 100 tupu ambazo C haiwezi kuzigusa. Kuipanua baadaye si rahisi, kwa sababu Windows hupanua patisheni kwa nafasi tupu iliyopakana nayo upande wa kulia tu. Mara nyingi hapo katikati imekaa patisheni ya recovery (ya kurekebishia Windows), kwa hiyo unakuta Extend Volume imefifia, haibonyezeki.

Usigawe kwa kutafuta kasi pia. Kwenye SSD hakuna unachopata. Kwenye hadidiski ya kuzunguka unaweza hata kupoteza, maana kichwa cha kusomea kinakwenda na kurudi kati ya C na D.

Kugawa kunafaa pale diski ina GB 500 au zaidi na mashine hupigwa Windows mara kwa mara: ya ofisi ndogo, ya stationery, ya nyumbani inayotumiwa na watoto wanne. C ipe GB 150, zinazobaki ziwe D. Siku Windows ikiharibika unafomati C peke yake.

Ila D haina maana kama faili hazikai humo, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Diski imegawanywa vizuri, lakini Desktop, Documents na Downloads bado ziko C, ndani ya folda ya mtumiaji. Fundi akifomati C, vyote vinaondoka na D inabaki tupu. Zihamishe: kwenye D tengeneza folda, tuseme D:\Faili\Documents, kisha bonyeza Documents kwa kitufe cha kulia, Properties, Location, Move, uichague hiyo. Usielekeze moja kwa moja kwenye D:\ bila folda, kwani Documents na Downloads zitachanganyika na kuzitenganisha ni kazi ngumu. Kumbuka pia alama za kivinjari (bookmarks) hukaa AppData, folda iliyofichwa ndani ya folda ya mtumiaji, na QuickBooks, programu ya uhasibu, mara nyingi huweka faili la kampuni chini ya C:\Users\Public. Hivyo vinakiliwe kwa mkono.

Wala D si bakapu. C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja. Nyumba ikiungua vinaungua vyote. Kwa hiyo, hata ukigawa, nakili faili kwenye diski ya nje kwanza. Na kabla ya hapo, fungua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski. Ikionyesha Caution kwa sababu ya Reallocated Sectors au Current Pending Sector (dalili za diski kuharibika), acha habari za kugawa. Okoa data, nunua diski nyingine.

Jambo jingine linalofungia watu nje ni usimbaji wa diski kwa BitLocker, kufuli la Windows lisilofunguka bila ufunguo. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika manage-bde -status. Kama D imesimbwa, andika manage-bde -protectors -get D: na unakili ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi. D hujifungua yenyewe kila siku kwa sababu C inaitunzia ufunguo. C ikifomatiwa, ufunguo umekwenda nayo.

Sasa kazi yenyewe. D yenye data ipe jina kabla, kwa mfano DATA, kwa kuwa kwenye dirisha la usakinishaji hakuna herufi C na D. Kuna Partition 1, 2, 3, na ukubwa wake. Kama kuna diski ya pili, ichomoe. Laptopu iwe na chaji na adapta imechomekwa, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kupunguza au kusogeza patisheni, zilizomo zinaweza zisisomeke tena.

Kama unaanza upya na bakapu ipo, futa patisheni zote za diski hiyo mpaka ibaki Unallocated Space moja. Bonyeza New, au Create Partition kwenye matoleo mapya, na uandike ukubwa kwa MB: GB 150 ni 153600. Windows itaongeza vipatisheni vyake, kikiwemo cha EFI (cha kuwashia Windows) cha MB 100. Viache, pamoja na cha recovery. Januari 2024 sasisho la KB5034441 la Windows 10 liligoma kwenye mashine nyingi kwa kosa 0x80070643, kwa kuwa patisheni ya recovery ilikosa MB 250 za nafasi. Nafasi iliyobaki utaifanya D baadaye kwenye Disk Management.

Kama D ipo tayari na ina vitu, chagua ile ya C, bonyeza Format, kisha Next. Basi.

Ukiambiwa diski ina jedwali la MBR (mpangilio wa zamani wa patisheni) na haifai, ujue flashi imewaka kwa UEFI, njia mpya ya kuwasha kompyuta inayotaka mpangilio wa GPT. Kama diski haina kitu unachotaka kubaki nacho, bonyeza Shift na F10, andika diskpart, list disk, select disk 0 baada ya kuhakikisha ukubwa wake, clean, convert gpt. Amri ya clean inafuta diski nzima, D ikiwemo. Na kama diski haionekani kabisa kwenye laptopu ya Intel ya miaka ya karibuni, kwa kawaida inakosekana draiva ya VMD (kidhibiti cha diski cha Intel): ipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, iweke kwenye flashi, ubonyeze Load Driver.

Windows ikishawaka, D inaweza kukukatalia baadhi ya folda hata kama umetumia jina lilelile. Windows humtambua mtumiaji kwa namba, na namba yako sasa ni mpya. Ingia Properties, Security, Advanced, badilisha mwenye folda awe wewe, uweke tiki ya kuhusisha folda za ndani, kisha usubiri. Folda yenye picha maelfu huchukua muda.