Somo: Kukidhibiti kidole kwenye eabrashi kabla ya kuchora chochote

Somo hili ni la mwenye eabrashi, yaani kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa, ya triga ya kazi mbili: ukiibonyeza chini inatoa hewa, ukiivuta nyuma inaongeza rangi. Kikombe cha rangi kiwe juu, nozeli (mdomo wa kutolea rangi) iwe ya milimita 0.3 au 0.35. Ya 0.2 inachora mstari mwembamba zaidi, ila inaziba upesi, na anayeanza atashinda anasafisha badala ya kufanya mazoezi.

Kinachofundishwa hapa ni mpangilio wa kidole. Hewa inatangulia, rangi inafuata. Unapomaliza, rangi inaondoka kwanza na hewa inabaki nyuma. Ukiushika huo, zoezi la picha litakuwa rahisi. Usipoushika, hata eabrashi ya bei kubwa ya Iwata au Harder & Steenbeck itakutemea matone.

Vitu vya kuandaa

Kompresa yenye tangi na regyuleta (kirekebisha presha), pamoja na kikombe cha kunasa maji. Karatasi za manila, penseli, rula, maji safi, vitambaa visivyotoa nyuzi. Rangi nyeusi ya akriliki, au wino mweusi wa kuchorea kwa mazoezi ya mwanzo. Barakoa vaa hata kwa rangi ya maji, maana vumbi lake linaingia kifuani vilevile, na chumba kiwe na dirisha wazi.

Presha weka psi 20, yaani karibu bar 1.4. Isome huku umebonyeza triga na hewa inatoka. Ukiisoma mpira wa hewa ukiwa umefungwa, geji itakuonyesha 20, kisha ukianza kazi inashuka hadi 14 au 15 na unabaki kujiuliza kwa nini rangi inatoka chembechembe.

Akriliki ya chupa ichanganye nusu kwa nusu na thina yake, ndani ya kikopo kingine, si ndani ya kikombe cha eabrashi. Ikoroge, kisha ipandishe kwenye ukuta wa kikopo: iteremke kama maziwa na kuacha utando mwembamba nyuma yake. Ikiteremka kwa uzito, ongeza thina tone kwa tone. Ikikimbia bila kuacha utando, imezidi wepesi. Rangi ya tyubu ina chembe nzito zaidi, kwa hiyo ichuje kwa kipande cha soksi ya nailoni.

Hatua ya 1: hewa tupu

Bila rangi, shika eabrashi kama kalamu, kidole cha shahada juu ya triga, mpira umeuzungusha kwenye kiwiko usikuvute. Bonyeza, vuta kidogo, rudisha mbele, achia. Rudia mpaka kidole kiache kufanya vitendo viwili kwa mkupuo mmoja. Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo inayowarudisha nyuma baadaye.

Hatua ya 2: nukta

Chora miraba ya sentimita 2 kwa penseli. Tia matone sita hadi kumi ya rangi kwenye kikombe. Ncha ikae sentimita 2 kutoka kwenye karatasi. Kwenye kila makutano bonyeza hewa, vuta triga kidogo sana, rudisha, kisha achia hewa. Lengo ni safu nzima ya nukta za ukubwa mmoja. Ukishaweza, fanya safu inayokua kutoka milimita 1 hadi sentimita 1, kwa kuvuta triga zaidi na kurudi nyuma kidogo kila mara.

Nukta ikitoa miguu ya buibui, rangi imefika karatasini kwa wingi kuliko inavyoweza kushika na hewa inaisukuma pembeni. Punguza mvuto wa triga kwanza. Ikiendelea, shusha presha hadi psi 15. Ikiendelea bado, rangi yako ni nyepesi mno.

Hatua ya 3: mistari

Weka nukta mbili za penseli zilizoachana sentimita 20 na uziunganishe. Mkono uanze kutembea kabla ya rangi kutoka, na uendelee kutembea baada ya rangi kukatwa. Mstari wenye kidonge kila mwisho ni dalili ya mkono uliosimama huku rangi ikitoka. Tembeza mkono wote kutoka begani, kifundo kisikunjike. Ukikikunja, ncha inachora upinde: katikati inakaribia karatasi, pembeni inaachana nayo, na mstari unakuwa mweusi katikati na hafifu pembeni.

Jaza karatasi kwa mistari ya sentimita 1 kutoka mmoja hadi mwingine. Ukikaa sentimita 1 hadi 2 kutoka karatasini utapata mstari mwembamba. Ukikaa sentimita 5 unapanuka na kingo zinalainika. Usikimbilie mwembamba.

Hatua ya 4: jambia

Mstari unaoanza mpana na kuishia kwa ncha kali. Anza sentimita 5 hadi 6 kutoka karatasini triga ikiwa imevutwa, kisha kadiri unavyotembea karibia karatasi huku ukirudisha triga mbele. Vitendo vyote vitatu vinakwenda pamoja na vinaisha pamoja. Kaa hapa muda mrefu kuliko kwingine kote. Nywele, manyoya, ndimi za moto kwenye ubavu wa matatu, mikunjo ya nguo: zote ni majambia yaliyopangwa. Fanya ya kwenda kulia, kushoto, juu na chini, kisha ya kupinda.

Yakiisha kwa kidoti badala ya ncha, unachelewa kurudisha triga. Yakikatika ghafla, unairudisha mapema.

Hatua ya 5: kufifisha

Sentimita 10 hadi 15 kutoka karatasini. Pita ukianzia nje ya ukingo wa karatasi na kumalizia nje, kila mpito ukifunika nusu ya uliotangulia. Rangi ijengeke kwa mipito minane au kumi hafifu. Ukilowesha kwa mpito mmoja, itatiririka.

Ukimaliza siku, mwaga rangi, pitisha maji hadi yatoke meupe, kisha chomoa sindano iliyo ndani ya eabrashi kwa nyuma na uifute ukielekea kwenye ncha.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Kila nikianza mstari inatema matone mawili matatu, kisha inakaa sawa. Nabadilisha nozeli?*

Marahaba. Usibadilishe kwanza. Ulipomaliza mstari uliopita uliachia hewa kabla ya kurudisha triga, rangi ikabaki kwenye ncha. Ukibonyeza tena, hewa inairusha. Kama mpangilio wako uko sawa, angalia rangi iliyokauka kwenye ncha ya sindano. Joto la Dar linaikausha akriliki upesi. Ifute kwa brashi yenye thina kila dakika chache, na ongeza tone la kichelewesha ukaukaji.

*Fundi, kikombe changu kinachemka mapovu hata nikiwa sijavuta triga.*

Hewa inapenya ndani ya njia ya rangi. Nozeli haijakaa vizuri, au ina ufa mdogo. Ifungue, isafishe, irudishe kwa spana yake ndogo na uikaze kidogo tu. Ukiilazimisha, uzi wake wa skrubu unakatika ndani. Mapovu yakirudi, itazame kwa kioo cha kukuzia.

*Rangi inakwenda upande mmoja, si mbele.*

Sindano imepinda. Ipitishe taratibu juu ya kucha ukiizungusha. Ikikwaruza, ncha ina ndoana. Inaweza kunyooshwa kwa jiwe laini la kunolea, lakini kama imepasua mdomo wa nozeli, vyote viwili vibadilishwe.

*Naweza kutumia pampu ya kujazia matairi, ile ya kuchomeka kwenye gari?*

Hapana. Haina tangi, hewa inakuja kwa mapigo na mapigo yanaonekana kwenye mstari, halafu inapata moto haraka. Kompresa kubwa ya gereji inafaa kabisa ukiweka regyuleta na kikombe cha kunasa maji. Pwani fungua koki ya chini ya tangi kila siku umwage maji, la sivyo utaona matone ya maji katikati ya kivuli chako.

*Bro, nataka kuruka hizi nukta nianze na madigadi ya bodaboda. Nitumie rangi gani?*

Rangi ya gari ya besi (ile inayotangulia vanishi), na thina yake, kwenye bati lililosuguliwa kwa msasa wa maji namba 600 hadi 800. Rangi ya maji haishiki vizuri pale, na bati halisamehe: kila kidonge kitaonekana. Vanishi ya sehemu mbili inayofuata ina isosianati, kemikali inayodhuru mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu, kwa hiyo mpelekee fundi mwenye chumba cha kupulizia na vifaa vya kupumulia. Digadi bovu unaweza kuliomba gereji ukafanyia jambia mia moja kabla ya kugusa la mteja.