Somo: Kutunza hesabu za kampeni ya udiwani bila kuvunja Sheria ya Gharama za Uchaguzi

Wakuu, somo hili ni la mgombea udiwani na mtunza hazina wake. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya Tanzania ya mwaka 2010 inamhusu diwani kama inavyomhusu mgombea urais, na msimamizi wake ni Msajili wa Vyama vya Siasa.

Hatua ya 1: Fungua daftari kabla ya kura za maoni, yaani kura za ndani ya chama za kumpata mgombea. Wengi hujikwaa hapa, wakidhani hesabu zinaanza kampeni zikifunguliwa. Sheria imeingia hadi kwenye uteuzi ndani ya chama, na ilistahili kabisa. Kwenye kata yenye chama kimoja chenye nguvu, bahasha za fedha wanazopewa wajumbe wa chama ndizo zinazompata diwani. Siku ya uchaguzi mwananchi anakuta mambo yameshaisha.

Hatua ya 2: Andika kila mchango, hata usio wa fedha. Mfano: "Pikipiki ya kuazima, siku tatu, petroli lita 10, fulana boksi moja. Mtoaji: mwenye duka la vifaa vya ujenzi." Pembeni weka thamani kwa bei ya dukani. Kesho mtu huyo akiomba zabuni ya choo cha shule, mstari huo utakuwa na kazi kubwa: utaonyesha kwamba alikuchangia.

Hatua ya 3: Ulizia kwa katibu wa chama kiwango cha juu cha matumizi. Waziri ndiye anayekipanga, kwa kuangalia mambo kama ukubwa wa eneo na idadi ya watu.

Hatua ya 4: Tunza risiti. Uchaguzi ukiisha, unapeleka marejesho (taarifa ya mapato na matumizi) kwenye chama, nacho kwa Msajili. Hata ukishindwa.

MASWALI

Mkuu, kuwapikia wajumbe pilau si ukarimu wetu tu?

Hiyo ndiyo takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Iliruhusiwa kisheria mwaka 2000. Mashirika ya kiraia ya LHRC, LEAT na NOLA yakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2006 ikafutwa kwa kuwa inambagua mgombea asiye na kitu. Chakula cha timu yako ya kampeni ni gharama, kiandike. Pilau ya kununua kura ni rushwa.

Nikiona bahasha zinagawiwa?

Piga TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, namba 113, ni bure. Taja nani, wapi na saa ngapi, na upige siku hiyohiyo, kabla kura hazijahesabiwa.